Walii wa Njia ya Pwani

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Watu wa rika langu hapa Pemba ukiwauliza tarehe watakutolea macho, lakini watajie unga wa njano, watakwambia hata mahali walipokaa wakiula. Unga wa mahindi, una harufu ya gunia lililorowa, ukiusonga haushikani, ukiumeza unakaa kooni. Siku ulipokosekana tulikula makopa, mihogo iliyoanikwa mpaka ikawa myeusi, tukaitwanga, tukaisonga, tukaitowelea chaza wa kuchemsha. Wali ulikuwepo, asikudanganye mtu. Mchele wake ulikuja kwa mashua kutoka upande wa Mombasa, na karafuu zikenda upande huo huo, na vyote viwili vilikuwa magendo. Aliyepika wali alifunga madirisha akaziba chini ya mlango kwa kanga mbichi, kwa sababu harufu ya wali peke yake ilitosha kumtia mtu ndani.

Kwetu tulipika. Sioni haya kulisema, na baba yangu hakuwa mwizi. Karafuu alizopeleka alizichuma kwa mkono wake kwenye mikarafuu yake mwenyewe, ila sheria ya wakati ule ilisema ziuzwe mahali pamoja tu, kwa bei ya kumchekesha mtu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mguu wake wa kulia mbovu. Ujanani alianguka kutoka juu ya mkarafuu, mfupa wa muundi ukakatika, mganga wa mifupa akamuunga vibaya, mfupa ukapanda juu ya mwenziwe ukashikana hivyo hivyo. Pale ulipoungana palikuwa na nundu. Mimi nilikuwa mtoto wa kwenda chuoni kusoma juzuu, nikikaa juu ya wayo wake nikaishika ile nundu kwa mikono miwili, na yeye akitembea na mimi uwanjani akichechemea, mama akipiga kelele, "Mtoto atavunjika huyo!"

Siku moja baada ya alasiri alitoka na mzigo wa kuni kichwani. Ndani ya kuni mlikuwa na karafuu. Akashika njia ya pwani na hakurudi.

Asubuhi yake alikuja kwetu mkubwa wa vijana wa ulinzi. Kila kijiji kilikuwa na vijana wake, wanashika rungu, wananusa milango ya watu. Huyu wetu alikuwa mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwetu, sauti kubwa, kanzu hajaizoea. Akasimama mlangoni asiingie, akamwambia mama, "Mumeo kaonekana huko Shumba akipanda mashua. Kakimbia. Ana mke Mombasa, hukujua?"

Mama akasema hajui. Na kuanzia hapo hakuna tena alichokijua.

Mwezi haukwisha, yule kijana wa rungu akaota ndoto. Aliwahadithia watu msikitini kwamba amejiwa na mtu wa baraka, mgeni wa zama za kale aliyezikwa pale kwenye njia ya pwani, hana wa kumsomea Fatiha. Watu wakenda kutazama, wakakuta rundo la mawe la mviringo, halina kichwa wala miguu, na bendera nyeupe imeshachomekwa. Na kijana mwenyewe akaacha rungu. Akafuga ndevu, akashika tasbihi, akawa mtunza kaburi, anafagia pale kila siku. Watu wakasema huo ndio muujiza wa kwanza wa walii, kumtoa yule mtu ule ukali wake. Nani angebisha? Tulikuwa na njaa na hofu, na huyu hapa kaletwa mtu wa kuombwa bila ya kupanga foleni.

Basi akaombwa. Walikwenda wasiozaa, wakenda wenye watoto wagonjwa, wakaja watu mpaka kutoka Kisiwa Panza. Rundo likajengewa ukuta wa chokaa. Na mama yangu akenda kila Alkhamisi jioni. Alikuwa akioka mkate kwa ule ule unga wa njano, nazi kidogo, sukari hakuna, na sisi watoto tunautazama mkate unavyopita mbele yetu hatuugusi. Mimi nilibeba chetezo. Alivua viatu, akakaa karibu na mawe, akasema, na mimi nasikia neno kwa neno: "Ewe walii wa Mungu, mume wangu popote alipo, mrudishe. Kama kakosewa, asamehe. Kama kaoa, na aoe, lakini arudi." Mtunza kaburi akaupokea mkate. Akamwambia, "Imekubaliwa, mwanamke. Vuta subira."

Mama alivuta. Hakuwa mke, kwa sababu mume hayupo, wala hakuwa mjane, kwa sababu mume hajafa. Kisimani wenziwe wakimwuliza, "Wa Mombasa hajambo?" halafu wakainama kuchota maji ili asiwaone wanavyocheka. Mtu mwema mmoja, mvuvi, alimtaka. Watu wakamwambia aende kwa kadhi, mume akipotea muda mrefu ndoa huvunjwa. Hakwenda. Alisema, "Walii hajanijibu." Akazeeka hivyo, nywele zikamtoka mbele, na mwisho alikuwa hatembei lakini kila Alkhamisi alinituma mimi. Alikufa ananiuliza kama nimepeleka. Nilikuwa nimepeleka.

Sasa tuje huku karibuni.

Mimi nina wajukuu, na sitajifanya sijivuni nao. Mkubwa wao, mtoto wa kike, anasomesha hesabu skuli ya sekondari. Alisoma mpaka Unguja, akarudi na lafudhi yake ile ile ya nyumbani, hakuja kutubania pua. Mimi niliishia kujua kusoma na kuandika jina na barua fupi, lakini nimemlea mimi, nimemsuka mimi, na anapopita watu husema, "Mjukuu wa nani yule?" nami hukaa nikingoja watajwe wazee wake. Aliolewa na mjukuu wa mtunza kaburi. Nilifurahi, nasema kweli. Nyumba ya dini, nikasema. Siku ya harusi tulimpeleka bibi harusi kwenye kaburi kusomewa dua, na yule mzee, ndevu nyeupe kama pamba, akamwekea mkono kichwani.

Ikaja barabara ya lami. Ilitaka kupita juu ya walii kabisa. Shehe wa msikiti akasema inajuzu kumhamisha kwa adabu, sanda mpya, udi, dua, karamu. Mtunza kaburi pekee ndiye aliyekataa. Aliletwa na kiti chake cha plastiki, akakaa njiani. "Msimguse! Atawapofua macho! Ipindisheni barabara!" Tukasema maskini, mapenzi hayo. Maisha yake yote kamtumikia.

Wanawake tulikaa nyuma ya migomba na masufuria yetu. Wanaume walikuwa wanachimba na wengine wanasoma Yasini kwa sauti. Yasini haikatwi katikati. Ile ilikatwa.

Nikanyanyuka. Kijana mmoja akanizuia. "Bi mkubwa, rudi, hapa pana wanaume."

"Wanaume nimewazaa. N'pishe."

Shimo lilikuwa fupi, halifiki kiunoni. Halikuwa na mwanandani, ule ubavu unaochimbwa upande wa kibla maiti akalazwa ndani. Yule mtu alikuwa amelala kifudifudi. Miguu ndiyo iliyoelekezwa kibla. Mifupa ya mikono iko nyuma ya mgongo, na waya wenye kutu umeizunguka. Fuvu upande wa kisogoni limebonyea kama kata ya maji iliyoangushwa sakafuni.

Shehe akasema polepole, "Huyu hakuzikwa. Huyu alifichwa."

Na mimi nikauona muundi wa kulia. Mfupa juu ya mfupa, umeshikana upande, na nundu yake. Nilipiga magoti, nikatia mkono, nikaishika. Mkono wangu umekuwa mkubwa, sasa mmoja ulitosha.

"Huyu baba'ngu," nikasema.

Mtu akasema, "Bi mkubwa, miguu mibovu mingi Pemba hii, wangapi wameanguka kwenye mikarafuu..."

Lakini mzee mmoja, jirani yetu wa zamani, akajisogeza na bakora yake mpaka ukingoni. Akatazama. Akasema, "Mie ndiye niliyemshika mabega siku anaungwa. Alinitemea mate kwa maumivu. Ni yeye, yakhe. Ni yeye."

Niligeuka nikamtazama mtunza kaburi kwenye kiti chake. Alimwambia mwanawe, "Nipeleke nyumbani." Na alipolazwa hakuinuka tena.

Askari wawili walikuja, wakatazama, wakauliza nani yu hai katika vijana wa ulinzi wa wakati ule. Wote wamekufa ila mmoja, na huyo yuko kitandani. Wakasema tuzike. Tulimvisha ile sanda aliyonunuliwa walii, akaswaliwa, akazikwa kando ya mama kama Muislamu. Watu walijaa. Waliompa mikate na kuku miaka yote walikuja kumzika upya, na wengine walikuwa hawajui walie au waone aibu. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu moyoni mambo ambayo mama angeyafanya kama angejua. Angefunikwa kanga, angekaa eda yake, wenziwe wangemletea chakula, angevuliwa nguo za eda, angeogeshwa, halafu angekuwa mwanamke huru wa umri wa kuolewa. Eda ya baba yangu haikukaliwa na mtu.

Wiki ile ile wakaja kwangu watu wawili, mtoto mkubwa wa mtunza kaburi na shehe. Wana halua ndani ya kikapu kidogo. Niliwapokea vizuri, nikatandika mkeka mpya.

"Bi mkubwa," akasema mtoto, "mzee mgonjwa."

"Nimesikia. Mungu amfanyie wepesi."

"Roho haitoki. Inafika hapa," akashika koo lake, "inarudi. Anakoroma tu. Hali, hanywi, hafi."

"Mpeni maji kwa pamba."

"Tumempa. Yasini imesomwa mpaka watu wamechoka. Sasa tumekuya kwako. Tunamwombea radhi."

"Radhi kwa kosa gani?"

Akautazama mkeka. "Kosa lolote, bi mkubwa. Binadamu hukosea."

"Alinikanyaga mguu sokoni?"

"Bi mkubwa..."

"Au kuku wake waliparura mpunga wangu? Niambie, nipate kujua ninachosamehe."

Shehe akakohoa. "Yakhe, sema neno."

Yule mtu mzima, mwenye mvi kama mimi, alikuwa anatokwa jasho kama anabeba gunia. "Mambo ya wakati ule," akasema. "Walikuwa vijana. Walitumwa. Watu wanakula makopa, wengine wanakula wali, basi kulikuwa na hasira. Kila mtu wakati ule alikuwa..."

"Kupiga alitumwa, sawa. Kutia bendera nani alimtuma?"

Shehe ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya hutuba. "Mwenyezi Mungu huwapenda wenye kusamehe, bi mkubwa."

"Najua, shehe. Na haki ya damu kawapa warithi, hakukupa weye. Ndiyo maana mmevua viatu mlangoni kwangu. Sikilizeni basi, mkamwambie kama nilivyosema, msipunguze. Radhi yangu siitoi. Si leo, si kesho, si kaburini."

Wakanyanyuka. Walikisahau kikapu cha halua, nikawakimbiza nacho mpaka barazani.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya pili akaja mjukuu wangu. Ana mimba kubwa, amekuja kwa miguu juani. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini nyuma yangu, akaanza kunifumua nywele kama anavyofanya akiwa na jambo.

"Bibi, wananitazama kama mie ndiye niliyemshika roho."

"Wamekwambia nini?"

"Hawasemi. Chakula wananiwekea peke yangu. Mama mkwe jana kasema, kama mzee atakwenda bila ya radhi, damu ya kwetu na damu ya kwao hazitakaa nyumba moja tena. Mume wangu kanyamaza." Akaacha kufumua. "Bibi, nitazalia wapi?"

"Utazalia hapa. Kitanda kile."

"Na mume wangu nimfanye nini? Nampenda, bibi. Yeye hakufunga mtu waya."

Hilo lilikuwa kweli.

"Sema neno tu," akasema. "La mdomoni. Moyoni kaa nalo lako, nani atakuona? Useme 'nimesamehe', roho itoke, wazike, yaishe. Nifanyie mie."

"Mwalimu wa hesabu weye, unanifundisha kuandika jibu la uongo nikijua la kweli?"

Akalia. Alilia kichwa chake mgongoni kwangu, nikahisi na tumbo lake likinigusa, na mtoto humo ndani anacheza, hajui ni wa nani na wa nani. Nikamwambia nitakwenda. Sikumwambia nitakwenda kusema nini. Mwenyewe nilikuwa sijui, na asiyeamini asiamini.

Tulikwenda asubuhi. Uwanjani kwao mwanamke mmoja akaniletea maji ya kunawa miguu kama mgeni wa heshima. Ndani palikuwa na uvumba na harufu ya mgonjwa. Alikuwa mdogo juu ya kitanda cha kamba, amebaki pua na ndevu. Kifua kinapanda na kushuka kwa sauti ya msumeno. Lakini macho yalikuwa mazima.

Nikakaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake. "Unanijua?"

"Mtoto wa mguu mbovu," akasema.

"Waya alifunga nani?"

"Mie."

"Kichwani alipiga nani?"

Mwanawe akataka kuingia kati, shehe akamzuia. Mzee akavuta pumzi. "Tulimtaka amtaje mwenye mashua. Hakumtaja. Wenzangu wakasema basi, kachoka, mwacheni. Mie nikapiga mara moja tena."

Nikasema, "Mama yangu alikuja kwako kila Alkhamisi."

"Alikuja."

"Hukuhitaji kujitaja. Ungemwambia kafa, basi. Ungesema umeoteshwa, si ulikuwa mtu wa ndoto? Ungesema walii kakwambia mume wake kafa. Angekuamini. Angekaa eda, angevua, angeolewa na yule mvuvi, angezaa tena. Alikuwa kijana."

Machozi yalimtoka pembeni mwa jicho yakaingia sikioni. "Kila Alkhamisi nilisema leo nitamwambia. Nikimwona anakuja, ulimi unakufa. Akishaondoka, namshukuru Mungu sikusema."

"Halafu wiki ya pili unamwambia avute subira."

"Ndiyo."

Akatoa mkono chini ya shuka. Ulikuwa mkavu kama jani la mgomba. Hakunishika, aliuweka tu karibu na goti langu.

"Nimemtunza baba yako," akasema. "Nimemfagilia mvua na jua. Nimemsomea Kurani miaka yangu yote. Hapana maiti Pemba hii aliyeombewa dua na watu wengi kama yeye. Nihesabie hilo. Nisamehe."

Na hilo nalo lilikuwa kweli, ndilo lililonichoma kuliko waya na kuliko fuvu. Mtu mwingine asingemsomea baba yangu vile. Mimi mwenyewe, bintiye, nisingefika kila siku. Alimuua, akamfanyia mapenzi ya mtoto kwa mzazi, na dua zote zile watu walizipeleka kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, huku mwenyewe amelala kifudifudi mikono nyuma, na mkewe amekaa juu yake anamwomba ajirudishe nyumbani.

Shehe akasema, "Bi mkubwa, sema."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeshika mwimo. Mumewe nyuma yake. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mtoto, nikiwa nimeshika kitu anachokitaka. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilijua ninamtoa wapi, na ninamrudisha wapi, na kwamba huenda asinisuke tena.

Mzee akainua kichwa kidogo ili asikie. Nikainama, nikasogeza mtandio mdomoni, nikasema kwa sauti ya wote waliokuwemo.

"Radhi yangu siitoi. Si leo, si kesho, si kaburini."